Warefu Wasiotuzibia Jua

Mtaani tuna neno moja lililobeba ndoto zetu zote: kuomoka. Msee akiomoka, ametoka chini akafika juu. Amehama bedsita, ana gari, na kwenye harambee anaitwa mheshimiwa hata kama hajawahi kugombea kiti chochote. Lakini wahenga, ambao hawakuwa na Sheng, walituachia onyo kuhusu huko juu: aliye juu mngoje chini. Ukiwaza vizuri, fikra hizi mbili zinaishi kwenye kichwa kimoja. Tunataka kupanda, na papo hapo tunamsubiri aliyepanda aporomoke.

Kwa nini? Jibu la haraka ni wivu, na wivu upo, tusidanganyane. Ila sidhani ni wivu pekee. Nadhani kuna kitu ambacho warefu huwafanyia walio chini, na walio chini wanakijua hata wakikosa jina la kukiita. Kwa hiyo swali langu ni hili: mtu anaweza kuwa mrefu bila kumnyima mwenzake jua?

Kuna mmea mmoja ambao umenisaidia kulifikiria swali hili. Jina lake la kisayansi ni Verbena bonariensis, yaani verbena ya Buenos Aires, kwa sababu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1732 ilikuwa tayari imeingia katika kitabu kuhusu mimea ya bustani moja ya Eltham, karibu na London, na mwaka 1753 Linnaeus akaipa jina inalotumia hadi leo. Huko Uingereza wapenda bustani wanaienzi sana. Chama chao kikuu, RHS, kimeipa tuzo. Hapa Kenya inajiotea yenyewe kwenye nyanda za juu, kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Wengi wetu tumeipita mara mia bila kuiuliza jina. Mwenye jembe anaiita gugu na kuing'oa.

Mimi niliifahamu kwa sababu ya kazi. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika, nilishinda miezi kadhaa kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, nikijaza udongo kwenye mifuko na kumwagilia. Mama mwenye kitalu alinifunza kanuni ya tuta la maua: wafupi mbele, wa kati katikati, warefu nyuma. Ni kama picha ya darasa. Mrefu akisimama mbele, wengine wote wanapotea.

Halafu akachukua verbena, mmea unaofika mita moja na nusu, wakati mwingine hata mbili, na kuipanda mbele.

Nilidhani anatania. Lakini ukiitazama ikishakomaa unaelewa. Majani yake mengi yako chini, karibu na udongo. Kutoka hapo shina linapanda jembamba, gumu, lenye pembe nne, linalokwaruza ukilipitisha kidole. Juu linagawanyika, na kwenye ncha za matawi kuna vishada vidogo vya maua ya zambarau ambavyo vipepeo havivipiti hivi hivi. Kati ya majani ya chini na maua ya juu hakuna kitu kikubwa cha kuzuia macho. Unasimama mbele yake na bado unaliona waridi lililo nyuma, na waridi lenyewe linaendelea kupata jua lake. Upepo nao unapita katikati.

Kuikuza si kazi ngumu. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo unazinyunyiza juu ya udongo laini na kuzibonyeza kidogo bila kuzifukia, kwa kuwa mwanga huzisaidia kuota. Udongo uwe na unyevu lakini usituamishe maji. Ukihamisha miche, tafuta mahali penye jua la kutosha, uache nafasi ya kama sentimita 45 kati ya mmoja na mwingine. Ukiikata ncha ikiwa bado changa, itatoa matawi zaidi. Na usipande mmoja peke yake. Utaonekana kama waya uliosahauliwa na fundi. Panda kadhaa, uzuri wake uko kwenye kundi. Kijiti cha kuishikilia haihitaji.

Sasa toka kwenye bustani, twende Pipeline, Embakasi. Kama hujawahi kuishi huko, pengine umewahi kumtembelea mtu. Ghorofa saba, nane na zaidi, zimesongamana kiasi kwamba wa jengo hili na wa lile wanaweza kupashana habari kupitia dirishani bila kupaza sauti. Vyumba vingi vya chini taa inawashwa saa sita mchana. Hapo utaelewa kwamba kivuli kina bei, na anayeilipa si aliyekijenga. Landilodi alipanda juu kutafuta kodi zaidi. Mpangaji wa chini ananunua tokeni za stima ili aone sufuria yake saa ambayo jua liko utosini. Hakuna aliyemwibia kitu mkononi. Jua lilikuwa linampata, sasa halimpati, basi.

Wagiriki wa kale walikuwa na kisa kuhusu jambo hili hili. Inasimuliwa kwamba mfalme Alexander alimwendea Diogenes, mwanafalsafa aliyeishi kifukara, akamkuta anaota jua, akamwambia aombe chochote anachotaka. Diogenes akamwomba asogee kidogo, asimzibie jua. Watu hukipenda kisa hiki kwa ujeuri wa yule maskini. Mimi kinanigusa kwa sababu nyingine: Alexander alikuja na nia njema. Alikuja kutoa. Ila hakuwa amegundua kwamba kabla hajatoa chochote, kusimama kwake tu kulikuwa kumeshachukua kitu.

Wagiriki hao hao wana kisa kingine, cha kutisha zaidi. Herodotus anasimulia kwamba mtawala mmoja alituma mjumbe kwa Thrasybulus wa Mileto kumuuliza namna bora ya kutawala. Thrasybulus hakujibu kwa maneno. Alitembea na mjumbe kwenye shamba la nafaka, na kila alipoona suke lililozidi mengine kwa urefu, alilikata akalitupa. Mtawala alipopewa habari alielewa: waondoe waliochomoza.

Nataja kisa hiki kwa sababu kuna mtu anayesoma hapa na kufikiri kwamba ninahubiri watu wajipunguze. Sivyo. Hiyo ni dawa ya Thrasybulus, na sisi tunaijua. Ni yule binti anayeambiwa asijifanye sana darasani. Ni kijana anayeanza kibiashara chake na kusikia ati anajiona. Verbena haijajipunguza hata kidogo. Ni mita mbili, inaonekana kutoka getini. Kwa hiyo urefu wenyewe si kosa. Tunachopaswa kuuliza ni upana: huko juu ulikofika, umechukua nafasi kiasi gani?

Utaniambia: lakini sisi ni watu wa jua kali, na kwetu kivuli ni baraka. Kweli kabisa. Mugumo hausifiwi kwa wembamba. Wazee walikaa chini yake, ibada zilifanyika hapo, na hadi leo mtu hachukui panga tu akaukata. Mti mpana unafaa. Hoja hii ni nzito, na ilinichukua muda kuona tofauti iko wapi. Nadhani iko kwenye miguu. Mzee aliyekaa chini ya mugumo alikuja mwenyewe, na akitaka jua anainuka. Mpangaji wa chini kule Pipeline hana pa kuinukia. Mche uliomea chini ya mti mkubwa pia hauna. Kivuli unachoweza kukiacha ni zawadi. Usichoweza kukiacha ni kitu kingine, hata kama aliyekileta anakupenda.

Na ni kwenye familia ndipo hesabu hii inauma. Kwetu tuko watano. Pesa zilikuwa za mtu mmoja kuomoka, na mimi ndiye niliyechaguliwa. Kipande cha shamba kiliuzwa, ng'ombe akafuata, na dada yangu ninayemfuata kwa kuzaliwa, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne kabla yangu, akaendelea kukaa nyumbani akingoja nimalize ndipo naye aangaliwe. Nilipoacha chuo, mjomba aliniita. Aliniuliza kwa nini nakata mti ambao ungetupa kivuli sote. Nikamwambia, "Mjomba, kwa heshima, Dada amekaa hicho kivuli miaka mitatu sasa. Ataota lini?" Hakunijibu, na mimi sikuendelea; si mtu wa kubishana naye. Leo Dada anasomea ufundi wa stima. Mimi naandika, na kuna miezi kodi inanipiga chenga. Sisemi kila aliye chuoni afungashe virago. Nasema tu kwamba mpango ule tuliuita upendo, na ulikuwa upendo, na bado ulikuwa unamzibia mtu jua.

Wanasiasa wetu wameijua siri hii zamani. Mkubwa anatoa kivuli: karo hapa, mchango wa matanga pale, unga wakati wa kampeni. Unashukuru, kwa sababu njaa haingoji falsafa. Lakini angalia miaka inavyopita. Chini yake kila mtu anapumzika na hakuna anayekua, na akianguka, mtaa mzima unaungua kwa jua ambalo haukuwahi kulizoea.

Verbena inafanya nini tofauti? Inaweka majani chini. Jani ni mdomo wa mmea. Hapo ndipo mmea unapotengeneza chakula chake. Mdomo wake mwingi umebaki karibu na udongo, na walichopelekewa walio juu ni maua. Kwa mtu, nadhani inamaanisha aliyeomoka kuendelea kutumia hospitali ile ile, matatu ile ile, shule ile ile ambayo wengine wanaitumia, ili ikiharibika iharibike na kwake pia. Ni rahisi kuandika kuliko kufanya, najua.

Wala mmea huu si malaika. Unamwaga mbegu nyingi na kuingia mahali ambapo hukuupanda. Australia wanauhesabu kuwa gugu. Asiyekuzibia jua bado anaweza kukujaza tuta zima. Ndiyo maana mama wa kitalu alikuwa na makasi: maua yakinyauka alikata vichwa kabla mbegu hazijadondoka. Hakukata kwa sababu mmea ni mrefu. Alikata kile kilichokuwa kinaelekea kumwagikia wengine, na mmea ukaendelea kusimama.

Kwa hiyo tukisikia kwamba fulani ameomoka, tusianze kumngojea chini, na tusikimbilie kumpigia makofi pia. Tusimame mbele yake kama mtu anavyosimama mbele ya tuta la maua, kisha tuangalie kama walio nyuma yake bado wanaonekana.