Nia ya Kila Usiku

Mtu aliyeacha sigara mwaka jana, na leo bado anaitamani, je, yuko huru? Swali hili ni zito zaidi Busia na Malaba, ambako madereva wa malori ya masafa marefu hukesha wakingoja kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda na sigara ndiyo kiliwazo chao cha karibu. Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja kwa sheria ya 2007, Uganda kwa sheria ya 2015, lakini fegi moja bado hupatikana kwa sarafu chache, na zile za magendo kutoka ng'ambo huuzwa rahisi zaidi kwa kuwa hazijalipiwa ushuru. Wengi wetu huona kuacha kuwa ni kiapo kimoja: anayekivunja hakuwa amekusudia kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika majaribio 100 ya kuacha bila msaada, takriban 4 tu hufaulu. Haiwezekani hao wengine wote wawe waongo. Ni lazima tufikiri upya kuhusu kukusudia kwenyewe.

Mwongozo upo katika saumu. Kuvuta sigara hubatilisha funga, hivyo mvutaji Mwislamu wa Busia, mji ulio karibu na ikweta, hukaa zaidi ya saa 13 kila siku ya Ramadhani bila kuigusa. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, nia ya funga huwekwa kila usiku. Ya jana haitoshi leo. Hakuna anayemwona mtu huyo dhaifu kwa sababu anaiweka upya. Hata Mkristo, na Wakristo ndio wengi katika Kaunti ya Busia, anaweza kujifunza hapo kwamba nia hudumu kwa kurudiwa. Atapinga mtu kwamba wengi huwasha sigara mara tu baada ya kufuturu. Ni kweli, kwa sababu saumu yenyewe huishia magharibi, ilhali adha ya kukosa nikotini hupungua kwa wiki kadhaa mfululizo, na sigara ya jioni humrudisha mvutaji mwanzo. Hata hivyo, nguvu ya kujizuia imekwisha kuthibitika mchana kutwa.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba uraibu ni maradhi ya ubongo, na kuhubiri nia ni kumlaumu mgonjwa. Nalikubali nusu yake: nia ya mtu peke yake haitoshi. Mwaka 1974 mtafiti Lee Robins alieleza habari za wanajeshi wa Marekani walionaswa na heroini huko Vietnam: wengi wao, baada ya kurudi nyumbani, hawakurudia uraibu. Mahali na watu wanaotuzunguka hushika sehemu ya uamuzi wetu. Dereva hawezi kuihama Malaba, kwa hiyo nia yake inahitaji wenzake: waendesha boda boda wasiomnyooshea sigara, mwenye duka anayekataa kuuza moja moja, imamu na mchungaji wanaomuulizia hali bila kumhukumu. Inahitaji dawa pia. Bidhaa za nikotini za kumsaidia mtu kuacha ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kuzitumia si upungufu wa imani.

Wapo watakaosema kwamba kuweka nia kila usiku ni utumwa mwingine. Lakini mwenye ndoa anayechagua uaminifu kila siku hatumwiti mfungwa. Uhuru ukisubiri tamaa ife, wengi watazikwa kabla ya kuuonja. Upo tayari kwa anayetamani na hawashi. Na kama jana aliwasha? Kwa Washafii kila siku ya Ramadhani ni ibada inayojitegemea: aliyeharibu moja hulipa hiyo, na zilizotangulia hubaki sahihi. Vivyo hivyo, miezi ambayo mtu ameishi bila sigara haifutwi na sigara moja, na nia atakayoiweka usiku huu ina uzito uleule wa ile ya kwanza.