Tyubu ya Mtoto Ambaye Hayupo

Nilimdanganya Guka kwa sababu ya tyubu moja. Guka ni fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, na siku hiyo nilifika kwa kibanda chake nikaomba tyubu ya inchi 20. Baiskeli yangu ni ya inchi 26, mtumba, na anaijua kuliko ninavyoijua mimi. Akainua macho.

"Umepata mtoto?"

"Ni ya mtoto wa siz, Guka."

Siz hana mtoto. Tyubu niliitaka ili niipasue, na nikishaipasua nisiwe na haja tena ya kurudi pale kuzibiwa pancha.

Swali lake lilikuwa la maana, kwanza. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alitengeneza tairi la upepo, lile alilopewa hataza yake mwaka 1888, ili mwanawe asitikiswe na mawe akiendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mimi sikuwa na mapenzi ya aina hiyo. Nilikuwa nataka tyubulesi.

Kwa tairi la kawaida, upepo unakaa ndani ya tyubu. Mwiba ukiifikia, kwisha. Ukitaka tairi lishike upepo lenyewe, rimu isiwe na mahali pa kuvujia, na yangu ina mashimo 36 ya spoki. Wenye pesa hununua rimu za kazi hiyo, utepe wake na valvu zake. Sisi wengine tuna njia ya ghetto, na si mimi niliyeipa jina: waendesha baiskeli wa Marekani wanaiita hivyo hivyo. Unachukua tyubu ndogo ya inchi 20, unaivuta mpaka ikae juu ya rimu kubwa, valvu ikiwa kwenye tundu lake. Unaijaza upepo kidogo tu, halafu unaikata katikati kwa makasi, mzunguko mzima, unaifungua kama samaki wa kukausha. Inalala juu ya rimu, kingo zikining'inia pande zote mbili. Unaosha ule unga wake, unavalisha tairi, unamimina ndani kama mililita 100 za dawa, ute mweupe wa mpira unaonuka amonia. Tairi likishakaa vizuri, unakata vipande vilivyobaki nje. Kuanzia hapo mwiba ukitoboa, upepo unausukuma ute hadi kwenye tundu, unagandia pale, na safari inaendelea. Wewe hata hujui.

Hiyo "hata hujui" ndiyo iliyoniteka. Njia za vumbi za kuelekea Ngong zina mbigili, na kuna wiki nilipata pancha tatu. Kila moja ni hamsini bob na nusu saa juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, nikimngoja Guka amalize mkokoteni wa mtu mwingine.

Sasa swali. Je, nina haki ya kutomhitaji mtu ambaye anakula kwa sababu ninamhitaji?

Upande wa pesa si mgumu. Mfaransa mmoja, Frédéric Bastiat, aliandika mwaka 1850 kuhusu mtoto aliyevunja kioo cha dirisha. Watu wanamfariji mwenye nyumba: si hasara sana, fundi wa vioo naye ale. Bastiat akawajibu kwamba wanaiona pesa ya fundi, hawavioni viatu ambavyo mwenye kioo angevinunua kwa pesa hiyo. Kwa hesabu yake, mbigili haijawahi kumfadhili Guka. Hamsini yangu ikikosa kwenda kwake itaenda kwa mama wa chapati, naye ana watoto wa shule. Nakubali kabisa. Hakuna mtu mwenye wajibu wa kuendelea kuchomwa na miiba ili jirani apate kazi.

Lakini kama ni hivyo, mbona nilidanganya? Ningesema tu, "Guka, naweka tyubulesi," angecheka, labda angenisaidia kukata. Na uongo haukuishia hapo. Nyumbani pampu yangu ya mkono ilinishinda: tairi halikaziki kwenye rimu bila upepo mwingi kuingia kwa mpigo mmoja, na mimi nilikuwa napampu huku ute unatoka povu kila upande hadi kwa slipa zangu. Nilihitaji kompresa. Guka anayo, hatua 200 kutoka kwangu. Nikaisukuma baiskeli kwa uchochoro wa nyuma, nikapita mtaa wa pili, mpaka petroli stesheni. Nikatoa kisindano cha valvu, jamaa akaachilia upepo, pa! pa! Tairi likakaa. Nilifurahi kama mwizi.

Nadhani nilijificha kwa sababu nilijua kinachokatwa si hamsini bob. Juu ya ile kreti ndipo niliposema kwa mara ya kwanza kwamba nimeacha chuo. Mama alikuwa bado ananitumia nauli ya kwenda darasani kila Jumatatu, na mimi naipokea. Guka si mtu wa hekima kubwa, tusimpake rangi. Hakunishauri kitu. Mikono yake ilikuwa ndani ya karai, anatafuta mapovu. Akasema, "Shikilia hapa," nikashikilia. Baadaye kidogo: "Mama anajua?" Jioni hiyo nikampigia simu.

Ningekuwa na tyubulesi mwezi ule, ningempita kwa kasi nikipunga mkono.

Utaniambia niende nimsalimie hata bila pancha. Nimejiambia hivyo pia. Lakini hebu hesabu watu unaowatembelea Nairobi bila sababu. Shida ndiyo inatupa ruhusa ya kuketi kwa mtu nusu saa bila kuonekana tumepotea, na nusu ya vitu tunavyonunua siku hizi ni vya kutuepusha kumwomba mtu kitu. Tunaita hiyo kujitegemea. Azimio la Arusha la 1967 lilisema Ujamaa na Kujitegemea, maneno mawili kwa pamoja. Hatukuwa sehemu ya siasa hiyo huku kwetu, ila hilo la pili tumelipenda sana likiwa peke yake.

Na sirudi kwa tyubu, nisiwadanganye na nyinyi. Tyubulesi ni tamu. Naendesha na upepo mdogo, tairi linashika changarawe, na tangu Agosti hakuna mwiba ulionisimamisha. Juzi nililivua la nyuma kuongeza dawa, kwa joto hili hukauka baada ya miezi michache, nikakuta vichwa 11 vya mbigili vimekwama kwenye mpira. Nilikaa navyo mkononi. Mara 11 ningekuwa nimeketi pale. Sijui ningesema nini.

Wiki iliyopita jam ilinishika mbele ya kibanda chake. Sikuwa na pa kukimbilia, boda mbele, matatu kando.

"Kijana! Umepotea sana. Na yule mtoto, amejua kuendesha?"

Alikuwa ananyoosha rimu, hata hakuwa ananitazama.

"Bado anaanguka, Guka."

"Mlete hapa," akasema. "Nitamshushia kiti."