Je, Ni Halali Kulifunua Upesi Jeraha la Moyo?



Hapa Kisangani, mwezi wa Juni ukifika, watu hukumbuka vita vya siku sita. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana katikati ya mitaa yetu. Maelfu ya mabomu yalianguka mjini. Mamia ya raia waliuawa, na waliojeruhiwa walipita 1,000. Nyumba nyingi zimekwisha jengwa tena. Lakini wako watu ambao hata leo, radi ikipiga usiku, huingia chini ya kitanda. Madaktari huuita ugonjwa huo kiwewe. Sisi twapenda kuuita jeraha la moyo.

Wako matabibu wanaolitibu jeraha hilo kwa hipnosi, yaani humwongoza mgonjwa kwa maneno mpaka mwili utulie na fikira zikae juu ya jambo moja tu. Kati yao, na kati ya wote wanaoponya mioyo, kuna shindano: je, kumbukumbu ya msiba ifunuliwe katika siku za kwanza za matibabu, au ingojewe? Swali hili si la udaktari tu. Ni swali la haki na mapendo: nani ana ruhusa ya kugusa kidonda cha jirani, na kwa wakati gani?

Kwanza tuondoe hofu moja. Wakristo wengine wakisikia habari za hipnosi husema ni uchawi. Sivyo. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akisema na madaktari juu ya dawa za kuondoa maumivu, alifundisha ya kuwa daktari aweza kuitumia katika kazi yake, akishika mipaka ya elimu na ya maadili. Lakini alikataa isiwe mchezo mikononi mwa kila mtu. Basi jambo lenyewe si baya. Ubaya waweza kuwa katika namna ya kulitumia.

Sasa tusikilize wanaosema jeraha lifunuliwe upesi. Wazee wetu walisema: mficha ugonjwa, kilio kitamfichua. Jipu likijaa usaha hutumbuliwa. Tena mwaka 2013 wataalamu walitangaza matunda ya kazi yao kati ya wanawake waliotendewa ukatili mashariki ya Kongo. Wale waliofundishwa katika vikundi kuzipima fikira zilizotokana na mabaya yale walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida tu, ingawa amani ilikuwa haijarudi katika nchi yao. Kama wangaliambiwa wangoje kwanza vita viishe, wangalingoja miaka mingi. Hoja hiyo si ya kudharau.

Hata hivyo, sisi wenyewe tulikosa. Siku moja ya ukumbusho tulikusanya watu kwa sala, tukamwomba mama mmoja asimame asimulie jinsi watoto wake walivyokufa. Tulidhani twamsaidia. Alianza, sauti ikakatika, akatetemeka kama mtu anayeyaona mambo yale mbele ya macho yake. Akina mama walimshika wakampeleka nyumbani, na kwa majuma mengi hakuonekana kanisani. Hakuna aliyempiga. Lakini sisi, kwa kusudi jema, tulimnyang'anya utulivu kidogo aliokuwa ameujenga kwa miaka. Hapo tulifahamu ya kuwa kusudi jema peke yake halitoshi kulifanya tendo liwe jema.

Elimu nayo yatuonya. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu waliopatwa na msiba karibuni wasiketishwe na kusimulishwa yote mara moja, ati ndiyo kinga ya kiwewe. Daktari Pierre Janet wa Ufaransa, aliyetumia hipnosi tangu mwisho wa karne ya 19, alikwenda kwa hatua: kwanza kumtuliza mgonjwa na kumtia nguvu, kisha kuigusa kumbukumbu, mwisho kumrudisha katika maisha. Daktari Judith Herman wa Marekani aliandika hatua zinazofanana na hizo mwaka 1992. Tena katika hipnosi kuna hatari yake. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa Marekani kilionya kwamba kumbukumbu zinazotolewa kwa njia hiyo zaweza kuchanganyika na yasiyotokea, na mgonjwa akazidi kuyasadiki. Anayefukua kwa pupa aweza kupanda uwongo moyoni mwa mgonjwa, hata asiye na kosa akachukiwa. Basi haki ya jirani mwingine nayo yaguswa.

Tumtazame nabii Eliya. Alipomkimbia malkia Yezabeli alichoka, akalala chini ya mti akiomba afe. Mungu hakumwuliza neno. Alimtuma malaika ampe mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili. Kisha Eliya akasafiri siku 40, mchana na usiku, na hapo mlimani Horebu ndipo alipoulizwa anafanya nini. Akasema yote yaliyomo moyoni. Aliulizwa tena, akasema tena. Ona basi: Mungu hakuchelewa kumsaidia, wala hakuharakisha kumwuliza.

Ndugu zetu Wagenya wafanya vivyo hivyo katika maporomoko ya mto wetu. Kabla ya kushusha mtego wa samaki, husimika miti imara kati ya mawe na kuifunga vizuri. Maji yale ni makali; asiye na mahali pa kushika huchukuliwa.

Basi twajibu hivi: kuanza matibabu mapema ni wajibu, kufukua mapema si wajibu, na mara nyingi ni kosa. Tabibu ashike mambo matatu. Kwanza, mgonjwa aelezwe, akubali, na aweze kusema "basi" wakati wowote. Pili, hipnosi ya siku za kwanza itumike kumpa mahali pa kushika: kupumua polepole, kulala usingizi, kujua kwamba leo si Juni 2000, na kuwa na ndugu wa kumngojea nyumbani. Tatu, kungoja kusiwe kisingizio. Mgonjwa akipata nguvu na kutaka kusema, tabibu asikimbie maneno yake kwa hofu yake mwenyewe. Siku hiyo haipimwi kwa kalenda: kwa mmoja ni baada ya juma moja, kwa mwingine miezi.

Mtu atauliza: na haki je, si yahitaji ushuhuda? Yahitaji. Lakini tabibu si hakimu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Ilikadiria hasara kwa jumla, kwa kuwa vithibitisho vya kila mtu mmoja mmoja havikupatikana vya kutosha. Hivyo hukumu ilitolewa bila kila mjane kusimama na kusimulia. Ikiwa mahakama iliweza kuanza hivyo, kwa nini sisi tumlazimishe mwenye jeraha?

Yule mama tulimwendea kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa ndizi, hatukusema habari za vita. Tuliendelea kumtembelea. Baada ya miezi mingi, siku moja alipokuwa akimenya muhogo, alitaja mwenyewe jina la mtoto wake wa kwanza, akaendelea mpaka jua likachwa. Sisi tulikaa tukasikiliza.

Nanyi, wasomaji, mkikaa na mwenye jeraha la namna hiyo, mpeni kwanza kiti, maji na muda wenu. Mungu aliyemngoja Eliya atawasaidia kungoja.