Fumbo na Marehemu katika Riwaya za Bwana Msa

Yadaiwa kwamba riwaya za Bwana Msa ni burudani tu, na kwamba anayefurahia fumbo la mauaji humsahau aliyeuawa. Dai hili lina uzito. Lakini katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), Muhammed Said Abdulla anaiweka maiti mahali ambapo hofu ya mizimu ingemwondolea kila mtu lawama. Msa, kiko mkononi, anairejesha hatia kwa binadamu. Bila shaka msomaji aliyemfuata hadi *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) alivutwa na uhakika huo, kwamba ovu lina mwenyewe naye aweza kujulikana kwa kufikiri. Faraja hiyo si ulaghai. Hata hivyo marehemu, fumbo likishafumbuliwa, hana wa kumlilia.