Nyumba Iliyofagiwa Ikaachwa Tupu
(Mathayo 12:43–45)



Bwana wetu alifundisha juu ya pepo aliyefukuzwa katika mtu. Alipotangatanga asipate pa kutulia, alirejea, akakuta nyumba safi isiyo na mwenyeji, akaleta na wenziwe saba. Tuangalie: haikuponzwa na uchafu, bali na utupu.

Ndiyo yampatayo mwanamke aliyefungwa na pombe au madawa ya kulevya. Hutibiwa, mwili hutakata, naye hurudishwa kwa nani? Kwa mume anywaye, kwa jirani apikaye gongo, au kwa ndugu wasiotaka kumpa hata kikombe. Mwanamume mlevi twamwita mgonjwa; mwanamke mlevi huitwa jina ambalo sitaliandika hapa. Nasi wa kanisani twalijua, maana tumelitamka.

Huko Marekani, mwaka 1975, watu walioacha ulevi walianza nyumba moja katika Silver Spring, Maryland, ikaitwa Oxford House. Leo ziko nyingi, na nyingine ni za wanawake peke yao, hata za wanawake pamoja na watoto wao. Hakuna msimamizi wa mshahara akaaye nao. Wenyewe hugawana kodi, huchagua wakubwa wao kwa kura. Huyu hushika fedha, huyu huangalia usafi. Yaani nyumba ina wenyeji! Tanzania nako ziko nyumba za jinsi hii, watu huziita soba. Ila za wanaume ndizo nyingi.

Sharti moja ni gumu: anywaye tena hutolewa. Je, neema iko wapi? Nami niliuliza hivyo. Lakini chupa moja chumbani yawatia hatarini wote walalao karibu. Sheria ile yawalinda walio dhaifu. Tena nyumba ile si kanisa. Aliyetolewa na furushi lake atatafuta mlango mwingine, na ulio karibu huenda ukawa wa mwalimu wa mtaa.

Basi, walimu na wazee, akibisha hodi msianze kumwuliza amekunywa kiasi gani. Mpeni chai na mahali pa kulala, na mama mtu mzima akae naye. Kulipokucha mpelekeni kwa tabibu, kwa maana aliyezoea kileo siku nyingi akiacha ghafula aweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Kisha fuataneni naye kutafuta nyumba, asirudi alikotoka peke yake.