Mgongo Tumeuajiri, Mtu Tumemkataa

Watu wa Moshi, mji wetu tunaujivunia kwa usafi, na kila alfajiri mbele ya mageti ya maghala yetu kuna aibu ambayo hakuna anayeifagia. Vijana wanasimama wamejikunyata kwa baridi ya mlimani. Nyapara anatoka, anakagua mabega, ananyoosha kidole: wewe, wewe na yule. Ajira imekwisha. Jina halikuulizwa, umri haukuulizwa, ugonjwa haukuulizwa. Wanapakua lori la mahindi hadi jua lizame, wanahesabiwa kwa magunia, na katika ujira huo mdogo nyapara anakata chake. Tajiri anajua. Dereva anajua. Mama anayeuza uji getini anajua.

Na sisi tunaonunua unga ule tunajua.

Pandeni hadi geti la Machame, wanakoanzia wapanda Mlima Kilimanjaro, muone. Mzigo wa mpagazi unawekwa kwenye mizani, na kikomo ni kilo 20. Tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaofuatilia ujira wao, chakula chao na mahali wanapolala. Wapagazi hao wangali wanapunjwa, sikatai, lakini walau wanapimiwa. Sasa teremkeni hadi Himo, kwenye mahindi yanayoelekea mpaka wa Holili. Kijana wa rika lile lile, pengine wametoka tumbo moja, anatwishwa gunia la kilo 100, na likiwa lumbesa, limeshindiliwa hadi kufura, linapita hapo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mizani ghalani ipo, tena nzuri, ila kazi yake ni kulinda mahindi ya tajiri. Je, mgongo una kikomo pale tu mtalii anapoutazama? Lumbesa tumeipigia kelele miaka nenda rudi kwa kuwa inamwibia mkulima, na kweli inamwibia. Nani kati yetu aliwahi kuitaja shingo inayoibeba?

Hakuna.

Msiseme sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki na kumtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008. Lakini kijana akiteleza kwenye ubao wa lori, gunia likamlalia kiuno, jibu letu tumelikariri: huyo si wetu, ni kibarua tu. Kibarua gani huyo, misimu mitatu ghala lile lile, nyapara yule yule? Tunachangishana nauli ya kumfikisha hospitali ya KCMC, tunajiona wema, kesho yake kidole kinamwonyesha mwingine. Jumapili mwenye ghala anakaa kiti cha mbele kanisani, anaahidi mabati, tunampigia makofi. Mchungaji anajua mabati yametoka wapi. Ijumaa msikitini mambo ni hayo hayo.

Na huu ni mji wa ushirika! Mwaka 1925 wazee wetu wa kahawa waliungana katika chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 ukaja muungano wa ushirika wa KNCU, kwa sababu walikataa jasho lao lipangiwe thamani na wengine. Wajukuu wao tumejenga maghorofa, tumesomesha watoto, Desemba tunapanda migombani kwa magari ya fahari, kisha tunampangia bei mtoto wa jirani kwa kumtazama mabega. Inauma zaidi kwa sababu tulifundishwa.

Wewe mwenye ghala, kesho kabla geti halijafunguliwa, muulize jina lake na uliandike. Mwandikishe kwenye mchango wa fidia. Ujira wake mpe mkononi mwake, usipitie kwa nyapara. Gunia lijazwe kilo 50. Na kama hayo yamekushinda, lori lako lishushe mwenyewe.