Mgeni na Deni Lake



Je, ni haki kupokea ukarimu wa mtu aliye maskini kuliko sisi? Swali hili tulirudi nalo kutoka pwani, nasi twaona vema kuliweka mbele ya mtaa wetu.

Tulikuwa wanne, kwa pikipiki mbili. Tulishuka Moshi, tukapita Same na Mombo, milima ya Upare na Usambara ikiwa mkono wa kushoto, kisha mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza, hata tukafika Tanga, mwendo wa kilomita 350 hivi. Karibu na Amboni, nje ya mji, yako maji moto ya kiberiti yaitwayo Galanos, kwa jina la Mgiriki aliyekuwa mkulima wa mkonge. Yananuka kama yai viza, lakini watu huja kuyaoga wakiamini kuwa yanafaa kwa maradhi ya ngozi. Tulioga, tukamshukuru Mungu.

Jioni ile mzee mmoja mvuvi, Mwislamu, alitukaribisha kwake. Mkewe alitupikia wali na samaki. Watoto walilala juu ya mkeka ili sisi tupate vitanda. Asubuhi tulipotoa fedha, mzee alizisukuma kando. "Wanangu," akasema, "nikizipokea hizi, basi sikuwakaribisha, nimewauzia."

Njiani tulibishana. Mmoja alisema tumekula haki ya wale watoto. Mwingine alisema kumlazimisha mzee kupokea kungekuwa kumvunjia heshima. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 17, chatuonyesha Eliya akimwomba mkate mjane wa Sarepta, mwanamke wa nchi ngeni, aliyebakiwa na konzi moja tu ya unga. Lakini Eliya alikuwa na njaa kama yeye. Sisi tulikuwa matembezini, wala hatuwezi kujificha nyuma ya nabii.

Hata hivyo, maskini naye ana haki ya kutoa. Ukiikataa zawadi yake, umemwambia kwamba hana kitu. Kwa hiyo twasema: ipokee kwa shukrani, ila usidhani mambo yamekwisha. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tulikuwa tumekwisha ondoka Tanga. Basi jembe letu litufuate mpaka nyumbani.

Na nyumbani ni Machame, penye lango la kupandia Kilimanjaro. Mgeni mwenye dola twajua sana kumchekea. Lakini yuko kijana atokaye mbali kutafuta kazi ya upagazi, akingoja langoni tangu alfajiri na koti jepesi katika baridi ya mlima. Nani kati yetu amemwuliza alilala wapi? Huyo hana cha kutuachia, kama sisi tulivyokuwa hatuna cha kumwachia mzee yule ambacho angekubali kukipokea.

Kwake ndiko deni letu linakolipwa. Waumini wenye nafasi ya kitanda kimoja, au hata ya mkeka, wazungumze na wazee wa kanisa baada ya ibada ya Jumapili. Na atakayelala kwetu asitozwe kitu.

Bwana awabariki.